Mstari wa Nne

Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya mvua, na niliifanya vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya nyumba ya mama mdogo hudhani nilizembea. Sikuzembea. Kila mvua iliponyesha Mbinga mjini masika ile, nilivaa mabuti, nikapanda mteremko ulio juu ya soko, nikasoma kipima mvua, nikaandika.

Mteremko ule ulikuwa umetushinda. Watu wamejenga hadi kileleni, mabati yanamwaga maji, njia zimekanyagwa mpaka zimekuwa ngumu, na kila tone linakimbilia kibonde kimoja. Mwisho wa kibonde hicho ndiko alikokaa mama mdogo, ndugu pekee wa mama yangu aliyebaki. Mji ulikuwa na mipango miwili. Wa kwanza ni mtaro wa zege, ambao ungepita katikati ya sebule yake. Wa pili ni kuyashika maji hukohuko juu kwa ngolo, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta ambayo sisi Wamatengo tunayatumia kulimia maharage na mahindi milimani, ili yazame ardhini badala ya kuteremka. Tujaribu masika moja, wakasema. Ngolo zikifanya kazi, mtaro hautajengwa. Mimi, fundi sanifu wa mazingira, ndiye niliyepewa kufanya tathmini.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu wa ufukweni, kwao ni Nyasa, amekulia kwenye mchanga ambako maji huzama yenyewe bila kubembelezwa. "Ninyi Wamatengo," alinitania, "hata mjini mnatafuta pa kupanda maharage." Nilicheka kwa sababu ilikuwa zamu yangu kucheka. Tangu nimzike mama mwaka uliotangulia nilikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, sindano ya ganzi bado haijaisha. Unaongea, unakunywa chai, lakini mdomo si wako.

Vibarua walioajiriwa walikuwa wanaume watupu, wa Maguu na Mapera, watu waliozaliwa katikati ya ngolo. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu ngolo ina nusu mbili. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa miraba. Akimaliza anakwenda zake. Mwanamke anabaki na jembe, anachota udongo wa katikati ya mraba na kuyafukia yale majani, na shimo ni kile kinachobaki. Majani yaliyozikwa ndiyo yanayokunywa maji na kulishika tuta. Wale wanaume walifyeka vizuri mno. Kisha, kwa kuwa hapa ni mjini na mjini panatakiwa pawe pasafi, wakayakusanya majani yote, wakayachoma. Halafu wakachimba mashimo, mstari juu ya mstari, kama walivyoyaona maisha yao yote wakipita njiani, na udongo wakaurundika pembeni, mkavu, mtupu.

Niliona siku ileile. Nimeshika jembe la ngolo na mama tangu nikiwa darasa la pili; nisingeweza kutoona. Nilijiambia kwamba mpimaji haingilii anachokipima. Ni kanuni ya kweli, nilifundishwa chuoni, na inamfaa sana mtu asiyetaka kusumbuliwa.

Mvua zikaja. Mashimo yalijaa, maji yakasimama humo yakiwa mekundu, yakafurika, na matuta yakakatika moja baada ya jingine. Nilikuwa na pipa fupi lisilo na kitako; nalikandamiza ardhini, namimina maji, natazama saa nione yanazama kwa muda gani. Hayakuzama. Niliandika hivyo. Mara ya pili maji yalipoingia jikoni kwa mama mdogo na kuondoka na kuni zake, niliandika kina chake ukutani kwake, nikamuaga, nikarudi ofisini.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mteremkoni na jembe begani na mzigo wa majani kichwani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nani kawafundisha hawa kulima?"

"Sijui."

"Unajua," alisema, akatua mzigo.

Aliutengeneza upya mstari wa nne, peke yake, kwa siku tatu. Alilaza majani, akafukia, akapanda na maharage juu ya matuta kwa sababu hawezi kuona udongo umekaa bure. Mvua iliyofuata nilipima mstari ule kama mingine. Maji yaliingia, yakatulia kidogo, yakazama. Nilirudia na pipa langu, nikarudia tena mvua ya baadaye, na ya baadaye tena, yeye amechuchumaa karibu yangu akitazama saa yangu ambayo hawezi kuisoma vizuri, akiuliza, "Tayari?" Tayari, namwambia, na anapiga makofi. Nilipaswa kufurahi. Nilijua kwamba hii ni furaha, niliitambua kwa sura, lakini haikunifikia.

Wakati wa kuandika ripoti, mkuu wangu alikaa na majedwali yangu muda mrefu.

"Huu mstari wa nne, ulitengenezwa na nani?"

Nikamwambia.

"Si ndiye mama yako mdogo? Na nyumba ni yake?" Hakuwa amekasirika, alinionea huruma. "Watu watasema umempendelea. Halafu mstari wenyewe umebadilishwa katikati ya jaribio. Utoe. Lakini uamuzi ni wako."

Ningeweza kueleza. Sentensi mbili zingetosha: ngolo hazikushindwa, zilijengwa nusu; zilipojengwa nzima, zilifanya kazi. Niliutoa mstari. Nilikuwa nimechoka, na niliogopa maneno ya watu, hasa maneno ya watu.

Ripoti ilisomwa kwenye mkutano wa mtaa, viti vya plastiki chini ya turubai, mwenyekiti akiwa mbele yetu. Ngolo hazifai kwa mteremko wa mjini, mtaro ujengwe. Mama mdogo alinyoosha mkono, akasimama, akafunga kitenge vizuri.

"Naomba kumuuliza mtaalamu," alisema. Mtaalamu nilikuwa mimi. "Mstari wa nne, maji yalizama au hayakuzama?"

Watu wakageuka. Nilisimama na karatasi zangu.

"Mstari wa nne haukupimwa," nilisema.

Alinitazama. Angeweza kusema alikuwepo, amechuchumaa pale pale, akiuliza tayari. Majirani wangemwamini. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Asante, mtaalamu," akakaa. Mwenyekiti akaendelea na habari ya taka za soko.

Nyumba iliwekwa alama ya X nyekundu, ikabomolewa kabla ya kiangazi kuisha. Mtaro ni mzuri, sina cha kuusema vibaya, maji yanapita. Mama mdogo amerudi Maguu kwenye shamba la wazazi wao. Nikipata nafasi Jumapili napanda kwenda kumwona, namkuta ametoka misa, ananitengea kigoda, ananipa ugali na maharage, ananiuliza habari za kazi. Hana kinyongo, majirani wananiambia, hajawahi kunisema kwa mtu.

"Shikamoo, mama mdogo," namwambia nikifika.

"Marahaba, mtaalamu."