Swali la Hofu Nililolikata

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipochukua kalamu nyekundu nikakata swali moja kwenye karatasi yangu ya utafiti. Lilikuwa swali fupi sana. Nililikata kwa sababu karatasi ilikuwa imejaa na sikutaka kupiga chapa ukurasa wa pili. Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii ya kuchunguza mioyo ya watu, nipe nafasi nikueleze. Kwa sababu ya swali hilo, nusura mama mmoja afutwe kazi, na mimi nusura niishi nikiamini jambo ambalo sikuwa nimelipima.

Mimi ni Mwikali, mzaliwa wa Kola, katika nyumba ya watu wa kulima mahindi na mbaazi na kwenda kanisani kila Jumapili. Wakati huo nilikuwa nasoma saikolojia, shahada ya pili. Nyumbani hawakujua saikolojia ni kitu gani. Baba aliwaambia majirani kwamba nasomea udaktari wa mawazo, na mimi, kwa majivuno ya ujana, sikumsahihisha.

Upande wa Athi River, ukishapita vilima vya Lukenya, kulikuwa na kiwanda cha kushona mashati ya kuuzwa nje ya nchi. Jina lake nitaliacha. Akina mama walikaa kwenye mashine kwa safu, na nyuma yao wakatembea masupavaisa, yaani wasimamizi wa kazi, wakifoka kutwa nzima. Ukikosea mshono, unafokewa mbele ya wote na jina lako linaandikwa kwenye daftari. Siku moja binti mmoja alifokewa ghafla, akashtuka, sindano ikapita kwenye kidole chake. Hapo Mama Mutua, mama wa makamo kutoka Masii aliyekuwa akishona mifuko, akasimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akasema wazi kwamba kelele ndizo zinazoleta makosa.

Meneja wa wafanyakazi, Bwana Musembi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka ushahidi. Akasema, "Sawa. Tulete mtu apime. Makosa yakipungua, kelele zitakoma. Yasipopungua, sitaki kusikia habari hii tena, na wewe mama utanieleza kwa nini unachochea wenzako."

Mtu aliyeletwa nikawa mimi. Mwalimu wangu wa chuo, Mwalimu Syombua, ndiye aliyenipendekeza, na tukapanga kazi pamoja. Akina mama wangeokota karatasi zilizokunjwa, wagawanyike makundi mawili bila mtu kuchagua. Kila asubuhi kwa juma zima ningewasomea kundi la kwanza maneno ya upole: leo hakuna atakayefokewa wala kuandikwa jina kwa sababu ya kosa la kushona. Kundi la pili lingesomewa ratiba ya kazi tu. Jioni tungehesabu mashati yaliyorudishwa na wakaguzi.

Mwalimu Syombua akaongeza jambo moja. "Jioni, wakishamaliza, uwaulize: leo ulifanya kazi ukiwa na hofu kiasi gani? Usisahau hilo."

Ndilo swali nililolikata. Nililiona la kitoto. Mtu ameambiwa hatafokewa, nikajisemea, atakosaje kutulia? Na kusema kweli, mwanangu, niliogopa pia kuonekana mjinga nikiwauliza watu wazima kama wanaogopa.

Juma likaisha, nikahesabu. Makundi mawili yalilingana. Mashati yaliyorudishwa yalikuwa karibu sawa sawa, siku baada ya siku. Nilihuzunika, maana moyoni nilikuwa upande wa akina mama, lakini nikajiambia msomi lazima akubali anachokiona. Nikaandika kwa herufi safi: "Kuwatuliza wafanyakazi hakuna athari yoyote kwa makosa ya kazi." Nikampa Bwana Musembi nakala. Akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Asante, madam. Ijumaa ijayo nitawasomea kwenye mkutano. Na yule mama atapata barua yake ya kufutwa kazi."

Jumamosi nilimpelekea Mwalimu Syombua nakala yake nyumbani kwake, huko huko Kola, si mbali na kwetu. Nilimkuta jikoni akichambua mbaazi. Alisoma ripoti yangu yote, kisha akavua miwani.

"Mwikali, ulijuaje kwamba walitulia?"

"Niliwasomea maneno ya kuwatuliza, Mwalimu. Kila asubuhi."

"Najua wewe ulisoma. Nauliza wao. Walitulia?"

Mwalimu akafungua tena ripoti, akaipekua hadi mwisho.

"Swali la jioni liko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nililikata kwa kukosa nafasi. Hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angenipigia. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Basi hujui ulichopima. Makundi yako yamelingana. Pengine kweli utulivu hausaidii kitu. Au pengine hakuna mtu hata mmoja aliyetulia, na wewe ulilinganisha watu wenye hofu na wenzao wenye hofu. Ripoti yako haiwezi kutofautisha hayo mawili. Na juu ya ripoti kama hiyo, mtu anapewa barua?"

Mwanangu, maneno hayo yalinichoma. Usiku ule sikula. Jumatatu nikawa kiwandani mapema kabla ya mashine kuwashwa, nikamtafuta Mama Mutua. Naye alikuwa ameangukia kundi la upole.

"Mwaitu," nikamwamkia, maana ndivyo tunavyomwita mama wa heshima kwetu Ukambani, "nilipokuwa nawasomea yale maneno, mlisikia vipi ndani yenu?"

Akanitazama, akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Aiya! Mwikali, wewe ulikuwa unasoma vizuri kama katekista. Lakini nyuma yako supavaisa alikuwa amesimama na daftari lake. Sisi tulikuwa tunaangalia daftari, hatukuwa tunaangalia mdomo wako. Tena wengine walisema kundi letu limetengwa kwa sababu tuko na makosa mengi, na mwisho wa mwezi tunafutwa. Kuna msichana hapa alilia chooni siku tatu."

Nilikuwa nimewaletea hofu mpya, nikaiandika kwa jina la utulivu.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kunyamaza, ripoti ilikuwa imeshakubaliwa na meneja, na shahada yangu ilikuwa inaningoja. Nikapanda ngazi hadi ofisini kwa Bwana Musembi nikamwomba ile ripoti asiisome Ijumaa.

"Kwa nini? Hesabu zina makosa?"

"Hesabu ziko sawa. Sentensi ya mwisho ndiyo niliyokosea. Nilisema utulivu hausaidii, na utulivu wenyewe haukuwafikia." Nikamweleza habari ya daftari na ya msichana aliyelia.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniambia wasomi tunabadilisha maneno tukiona jibu halitupendezi. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Mzee, safari hii nitauliza swali la hofu kila jioni. Kama hofu haitapungua, nitakuja kukwambia jaribio limeshindwa, na mimi ndiye niliyeshindwa. Kama itapungua na makosa yabaki pale pale, nitakuja kukwambia hivyo hivyo, hata nisipopenda." Akagonga meza kwa kidole. Mwishowe akasema, "Juma moja. Na barua ya mama itangoja."

Safari hii tulianza kwa kuwauliza akina mama wachache ni nini kingewafanya waamini. Wakajibu bila kusita: meneja aseme mwenyewe kwa mdomo wake, na daftari lisionekane. Tukafanya hivyo. Wakaokota karatasi upya, mbele ya wote, ili kila mtu aone kwamba hakuna aliyechaguliwa kwa ubaya. Bwana Musembi akazungumza na kundi la upole kila asubuhi, na masupavaisa wa upande huo wakapewa kazi nyingine stoo. Jioni, kazi ikishaisha na mashine kuzimwa, kila mama aliweka alama kwenye kipande cha karatasi, kuanzia sina hofu kabisa hadi nina hofu sana, akakitumbukiza kwenye debe bila jina. Karatasi za kundi moja zilikuwa nyeupe na za lingine za manjano.

Mwisho wa juma nilifungua debe kwanza. Hofu ilikuwa imepungua, waziwazi, katika kundi la upole. Nilitaka kuruka kwa furaha. Kisha nikahesabu mashati yaliyorudishwa.

Makundi yalilingana tena.

Sitakuficha, mwanangu: nilitafuta mlango wa kutokea. Nilikimbilia kwa Mwalimu Syombua nikaanza kusema pengine akina mama hawakulielewa swali, pengine vipande vya karatasi vilichanganyika. Akaniinulia mkono.

"Juma lile la kwanza ulikosa swali, ukasema mengi kuliko ulivyojua. Leo uko na swali, na limekujibu. Usianze kuligombeza kwa sababu umechukia jibu la mashati. Hofu ilipungua, na hukuona makosa kubadilika. Andika hivyo. Na uandike pia kwamba ni kiwanda kimoja, juma moja, na tofauti ndogo ingeweza kukuponyoka."

Nikaandika hivyo, nikaenda nayo kwenye mkutano wa Ijumaa iliyofuata nikiwa nimeinamisha kichwa, nikidhani nimemponza Mama Mutua kwa mara ya pili. Nikasoma. Bwana Musembi akasema, "Kwa hivyo mama, ulikosea. Kelele hazileti makosa."

Mama Mutua akainuka polepole. "Nimesikia, mzee, na kama nilikosea nakubali. Lakini na mimi niko na swali. Juma zima hawa wa upole hawakufokewa, na huyu Mwikali amesema ni kweli hofu yao ilipungua. Je, waliharibu mashati zaidi?"

Bwana Musembi akanigeukia. "Waliharibu zaidi?"

"Hapana," nikasema. "Hatukuona hivyo."

"Basi hizo kelele," Mama Mutua akauliza, "zinatushonea nini?"

Akina mama wakaangua kicheko, na Bwana Musembi akajaribu kujizuia akashindwa. Barua haikuandikwa. Madaftari yakaondolewa kwanza, na kelele zikapungua kidogo kidogo, ingawa supavaisa mmoja au wawili hawakubadilika hadi walipohama. Mimi nilirudi chuoni na matokeo yasiyo na tofauti yoyote ya kujivunia, na hadi leo sijawahi kuandika ukurasa ninaouamini kuliko ule.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana hili nalijua. Utakapojaribu kumtia mtu hofu, huruma, haraka au furaha ili uone kitakachofuata, usidhani ulichomwambia ndicho alichokihisi. Muulize. Muulize baada ya kazi, lisije swali lenyewe likamvuruga, na umuulize mahali ambapo hataogopa kukujibu kweli. Wajaribu wachache kabla ya wengi. Kisha ukikuta makundi yamelingana, rudi kwenye swali hilo kabla hujafungua mdomo. Likikuambia hisia haikuwafikia, nyamaza kuhusu athari yake. Hujaipima bado, na wala usitangaze kwamba ingefanya kazi. Likikuambia iliwafikia, na bado hakuna tofauti, simama wima useme hukuiona, useme pia jaribio lako lilikuwa kubwa au dogo kiasi gani. Usilitafute swali siku ya shida tu na kulikataa siku linapokukera. Na usiwahi kuona haya kuwauliza watu wazima wanavyojisikia. Wao ndio wanaojua.

Mungu akupe macho ya kuona kilichopo, na ulimi wa kukisema hata kama sicho ulichokuwa unakitafuta. Akupe mwalimu wa kukurudi kwa upole, na watu wa kukuambia ukweli uso kwa uso. Enda na amani, mwanangu, na kazi ya mikono yako iwafae wanaokuamini.