Yule Mtu wa Kondeni

Tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili, kuna mtu mmoja katika maandiko ya kale ya Wayahudi niliyemchukia. Si wale ndugu waliomuuza mdogo wao kwa wafanyabiashara. Hao kila mtu huwachukia. Wangu ni yule asiye na jina, aliyemkuta kijana akizurura kondeni akiwatafuta kaka zake, akamuuliza anatafuta nini, kisha akamwonyesha walikoelekea. Angenyamaza, kijana angerudi kwa baba yake wala asingetupwa shimoni. Kiherehere tu.

Mwaka niliokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani nilimchukia zaidi. Dada yangu alikuwa amenitangulia Jeddah, simu yake ikazimika, na mama akawa halali usiku. Nikamwambia ajenti ni Jeddah au basi. Tulipotua, mtu wa ajenti aliyetupokea akanielekeza Riyadh kwa kidole tu. Nililia, halafu nikakasirika, na hasira ilinisaidia kuliko kilio.

Nyumba yenyewe haikuwa mbaya. Madam alifanya kazi ofisini mtaa wa Olaya, nami nikashinda na mama yake, bibi mcheshi aliyebakiwa na meno machache. Tukikatakata bamia alinisimulia habari za yule kijana kama zilivyo kwao, nami kwa Kiarabu changu cha kuokoteza nikamsimulia za kwetu. Nilipofika kwa mtu wa kondeni akakataa katakata.

"Mafi," akasema. Hayuko.

Nikamwambia kwetu yuko, na ana makosa. Alicheka sana. Kisha akauliza Mungu alimwambia nini kijana mle shimoni, maana kwao alipewa neno la kumtuliza. Nikaipitia hadithi yote kichwani. Kwetu Mungu alisema na babu zake, lakini na yeye hasemi hata neno moja, tangu shimoni mpaka ikulu, na bado mambo yanakwenda. Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo maisha yangu yote bila kuliona hilo.

Bibi aliupenda ugali wangu wa semolina kwa kuwa haukuhitaji meno. Shule zilipofungwa, familia ikaenda Jeddah kwa kaka yake madam, nami nikachukuliwa. Nilitamani kumtafuta dada, ila mji ni mkubwa na sikuwa na pa kuanzia. Huko bibi akadai ugali wa mahindi, ule niliokuwa nikijisifia. Dereva wao, Mkenya mwenzangu, akasema unga huo hupatikana mtaa wa Ghulail, akanipeleka.

Tulizunguka vichochoroni, na duka alilolijua tukalikuta limefungwa.

"Halas, sista, turudi," dereva akasema.

Nilikuwa nimeshageuka. Mzee mmoja wa Kisudani, ameketi juu ya kreti ya soda, akaniuliza natafuta nini. Nikasema unga. Akanyoosha fimbo yake kwenye mlango wa kijani, kwa wanawake wanaosuka nywele na kuuza unga.

Dada yangu alikuwa humo ndani, akimsuka mtu nywele. Kitana kikamponyoka. Tulishikana hadi yule mteja akaanza kulia pamoja nasi, kichwa chake kimesukwa nusu.

Alikuwa ametoroka kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, simu akaiacha huko, na aibu ikamzuia kumtafuta mama.

"Usimwambie mama nilitoroka," akaninong'oneza.

Nikapiga simu, nikampa azungumze. Mama akamuuliza kama amekula. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote niliyoishi Uarabuni.

Wakati wa kutoka nilinunua pakiti mbili za unga, moja ya bibi, na nyingine nikampa mzee wa kreti. Akaigeuzageuza, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni kwa kunionyesha njia.

Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa, akasema yeye hukaa hapo kila siku, na njia humwonyesha kila mtu.