Mama Ayuma Aliyeacha Kuuza Maziwa ya Mkebe

"Mama Ayuma akibisha, usimfungulie," Nthoki aliniambia tukianika nguo. "Amefutwa kazi. Wanasema kila nyumba anayoingia na mikebe yake, mtoto anaharisha. Na wewe una mtoto mchanga."

Nthoki ni jirani yangu hapa mtaa wa Jericho, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Wewe hata paka akikohoa utasema amelogwa," nikamwambia, nikacheka. Lakini niliingia ndani nikamfunika Andati wangu shuka, ingawa jua lilikuwa kali.

Mama Ayuma tulimjua sote. Tangu nikiwa shule ya msingi alikuwa akipita mtaani na koti jeupe, akiuza maziwa ya unga ya watoto ya kampuni fulani. Hakuwa nesi, ila kwa lile koti tulimwita sista, naye hakukataa. Hakuanza na bei. Aliketi, akamsifu mtoto, kisha akauliza polepole, "Una hakika anashiba?" Basi. Akishatoka, mama alibaki akiyatazama matiti yake kama vibuyu vilivyotoboka. Mkebe ulinunuliwa. Ukiisha, uliwekwa juu ya kabati, juu ya kitambaa cha kufuma, wageni wauone. Na kwa kuwa ulikuwa ghali, unga ulipunguzwa, maji yakaongezwa. Miaka hiyo mifereji ilikuwa imekauka, maji yenyewe tukinunua ya mkokoteni.

Jioni akabisha. Nilikumbuka maneno ya Nthoki, lakini ni mtu mzima, ningemwachaje nje?

Alikuwa amejifunga leso tu, bila lile koti, akaonekana mdogo.

"Wamekufuta, sista?"

"Nimeacha mwenyewe. Na usiniite sista."

Alimtazama Andati akinyonya, hakumsifu. Hilo lilinitisha zaidi.

"Mimi sikuuza maziwa, mwanangu," akasema. "Maziwa yapo dukani. Niliuza wasiwasi. Ukishamwingia mama, hautoki. Sasa umemwingia Ayuma."

Ayuma, binti yake, nilisoma naye darasa moja. Sasa ameolewa mtaa wa Lucky Summer.

"Amezaa msichana, akampa jina langu, Khavere. Kila nikienda, nikimbeba, amekuwa mwepesi zaidi. Jana niliona utosi umebonyea, mwili unaishiwa maji."

"Si umwambie amnyonyeshe?"

"Nimemwambia! Blauzi yake inalowa maziwa, anayakamua anamwaga. Ananicheka. 'Mama, si wewe ulisema maziwa ya titi ni maji matupu? Mimi mwenyewe ulinilea kwa mkebe.' Nikamwambia nilikuwa nadanganya. Akasema, 'Sasa ndio unadanganya. Wamekufuta, una kinyongo na kampuni.'"

"Na kliniki?"

"Walimwambia vilevile. Akaitikia, akarudi kwenye chupa. Maneno yangu yalimfika kwanza."

Nje nilisikia ndala za Nthoki zikisimama karibu na dirisha. Mama Ayuma hakujali. Alinisogelea, akashika mguu wa Andati, akaufinya kidogo, jinsi mtu anavyojaribu unono. Sikumtoa mkono.

"Mimi hanisikii tena. Wewe ni rika lake. Njoo na huyu wako, ukae kitandani kwake, umnyonyeshe akiona. Usimhubirie. Ukishamaliza, mwambie tu amweke wake hivyohivyo."

"Kesho asubuhi nitakuja, mama."

"Mfunge mgongoni, twende sasa hivi," akasema. "Tafadhali. Kesho siijui."