Shikamoo ya Kuzunguka

Mume wangu alipoamua kuwa mwendesha baiskeli, hakuanza kwa kuendesha. Alianza kwa viatu. Wiki nzima alikaa sebuleni kwetu Mji Mkongwe na simu yake, anachagua, hasemi na mtu.

Sababu niliijua. Tangu tuoane, baba yangu kule Chwaka alikuwa akimwita "mgeni". Mama akisema si kwa ubaya. Mimi nilijua ni kwa ubaya. Baba hakuwa na imani na mwanamume anayefika kwake ndani ya gari la kiyoyozi. Basi mume wangu akaapa kwamba safari hii atafika kwa nguvu za miguu yake, labda na yeye ataitwa "mwanangu".

Viatu vya kunasa kwenye pedali viko vya aina mbili. Vipo vya soli ya mpira, kijichuma kimezama ndani, ukishuka unatembea kama binadamu. Na vipo vya soli ngumu, kibao cha plastiki kimetokeza chini, ukishuka unatembea kama bata. Nikamwambia achukue vya binadamu. Akasema hivyo ni vya watalii wanaokwenda Kidichi kunusa karafuu. Akachukua vya bata. Vilipofika, kumbe pedali alizoagiza ni za kijichuma. Kibao hakiingii hata ukigonge kwa nyundo, naye alikigonga. Akaagiza nyingine, hizo zikanasa. Ukitaka kutoka, unapinda kisigino kwa nje, mguu unaachiwa. Siku ya safari akazikaza skrubu za pedali mpaka mwisho, eti mguu usije ukachomoka njiani.

Mimi nilitangulia kwa wazazi asubuhi. Alasiri baba yuko barazani na jirani yake, wanakunywa kahawa, mume wangu akatokea ndani ya nguo za kung'aa zilizombana kila mahali. Kwetu mtu hamwamkii mzee akiwa juu ya baiskeli. Hushuka kwanza, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Akapunguza mwendo, akapinda kisigino. Hakikuachia. Akapinda cha pili. Akatupita.

Akageuza kwenye mnazi, akarudi.

"Shikamoo, baba!"

Akapita tena. Baba hakuitikia.

"Shikamoo, baba! Nnakuja!"

"Mwambie mkweo asimame," jirani akamwambia baba, "mie nshapata kizunguzungu."

Nilijifunika uso kwa mtandio. Nilitaka kucheka, lakini nilimwona usoni, na ule haukuwa tena uso wa mtu anayejionesha. Alikuwa anaomba. Nikamchukia baba kwa ile kahawa aliyokuwa akiinywa taratibu.

Mwisho mchanga ulimshinda. Alianguka kiubavu na baiskeli yake miguuni, juu ya mwani wa mama uliokuwa umeanikwa.

Hapo ndipo baba alipoweka kikombe chini.

"Marahaba," alisema.

Akashuka barazani, akamfungua mikanda ya viatu, akamvuta miguu. Viatu vikabaki vimening'inia kwenye pedali.

"Pole, mwanangu. Inuka twende ndani."

Miaka yote hiyo nilimsifia mume wangu kwa baba: kazi yake, elimu yake, anavyonitunza. Kumbe baba alikuwa akingoja tu amwone chini. Mume wangu aliingia ndani anachechemea, mwani kichwani, anatabasamu kwa furaha ya kuitwa mwana. Sikuwa na moyo wa kumwambia.