Mtutu wa Kiguu na Njia

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hakati chuma kabla ya kukata mti. Ndivyo karakana yetu ya bunduki ilivyoendeshwa tangu enzi za baba yao. Mteja akitaka mtutu mpya, anachongewa kwanza fimbo ya urefu huohuo, inatobolewa na kujazwa mchanga mpaka uzito ulingane, kisha anaishi nayo siku kadhaa. Chuma kikishakatwa hakirefuki.

Asubuhi mwanga hupenya vumbi la karakana, na shemeji husimama katikati yake, macho ameyafumba nusu, akipapasa mtutu kama anayejaribu kukumbuka wimbo. Majirani humwita Ndotoni. Ukimsalimu, jibu linakuja ukiwa umeshapita. Lakini katika nyumba hii haijasikika kwamba mnyama alikimbia na jeraha la bunduki yetu akafia mbali kwa mateso. Jina hilo jema la karakana mume wangu aliniachia, nami nililipokea kama wengine wanavyopokea shamba.

Mwaka mmoja akaja mwindaji, mwanamke mfupi mwenye leseni na miguu ya kupanda milima. Wanamwita Kiguu na Njia.

"Nipe mtutu mrefu kuliko yote, fundi. Inchi ishirini na nane. Nikifyatua huku, mbuzi mwitu aanguke ng'ambo ya bonde."

Mtutu mrefu huipa baruti nafasi zaidi ya kuisukuma risasi. Hilo shemeji hakulipinga. Alimchongea fimbo mbili tu, hiyo ndefu na nyingine ya inchi ishirini na mbili.

Baada ya wiki mwanamke akarudi amenuna.

"Hii ndefu imenigombanisha na dunia nzima. Imevunja glasi za dada yangu, inanasa kila kichaka, na nikikaa nayo mgongoni inanigonga kisogoni kama mama mkwe."

"Kumbe umeolewa tena!" nikamtania.

"Na fimbo! Mshenga si huyu shemeji yako? Lakini ndiyo ninayoitaka."

Shemeji akatuongoza kilimani nyuma ya nyumba. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Alimwambia mwanamke apande mbio, alale kifudifudi na kulenga jiwe jeupe lililokuwa upande wa pili. Ncha ya fimbo ndefu ilizunguka jiwe kama nzi asiyejua pa kutua. Ile fupi ilitikisika kidogo, ikatulia.

"Hii ndiyo yako, dada," shemeji akasema taratibu. "Ila risasi yake itafika ng'ambo imechoka. Itajeruhi, haitaua. Niahidi hutapiga ng'ambo."

"Mimi nifundishwe kuwinda na mtu asiyewahi kuua hata mende?"

"Sikufundishi. Usipoahidi, sikati."

Mdomo wa mwanamke yule ulifika kila penye wawindaji. Akiondoka na hasira, angetuanika. Lakini mnyama mmoja tu akijikokota porini na risasi yetu, tungekuwa tumekwisha kabisa. Mwanamke akajikung'uta majani.

"Haya, naahidi. Kusogea karibu hakunishindi."

Mtutu ukakatwa. Msimu ulipofunguliwa akaenda, na aliporudi aliingia karakanani mikono mitupu, mbele ya wateja.

"Bunduki fupi, sufuria tupu!" mmoja akapaza sauti, wenzake wakaangua kicheko.

Shemeji akaipokea bunduki, akaifungua, akainusa. Ilinukia mafuta matupu.

"Hukufyatua."

"Mbuzi alisimama ng'ambo, fundi. Katikati palikuwa na genge refu la miamba, hakuna pa kupita. Kidole kiliniwasha, nikakitoa."

"Ukafanya nini?"

"Nikamtazama."

Shemeji akafumba macho. "Alikuwaje?"

Mwanamke akashusha pumzi, akaanza kusimulia: dume kubwa, rangi ya majivu, pembe zimepinda nyuma, ndevu zinapeperuka, alivyogeuza shingo kana kwamba ameitwa, alivyotembea juu ya mwamba mwembamba bila kuangusha kokoto, mpaka ukungu ukamchukua miguu kwanza, halafu mgongo. Alisimulia polepole, na waliokuwa wakicheka wakasogea kusikiliza, mmoja akiwa ameshika kofia yake kifuani.

Nikaenda ndani, nikamletea mwanamke yule kiti cha mume wangu. Hakikaliwi na kila mtu.