Mtoro Wangu wa Mwisho

Cheti ninacho hadi leo. Kimo ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda, pamoja na hati ya shamba na kadi za kliniki za watoto wangu, na mara mbili nimekitoa nikitaka kukichoma. Sikukichoma kwa sababu ya woga tu. Mtu aliyesotea vyeti kama mimi hachomi cheti.

Kinasema nimehitimu mafunzo ya usimamizi wa hospitali na huduma za virusi vya Ukimwi. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo wa elfu mbili, dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure, na wafadhili wakagundua kwamba dawa zipo lakini wasimamizi hatupo. Walisema kweli. Mimi nilikuwa muuguzi wa kawaida, halafu asubuhi moja nikaambiwa sasa ndiwe mkuu wa hospitali hii yetu ndogo nje ya Kitengela, na hakuna aliyenifundisha lolote isipokuwa mahali ambapo funguo za stoo hufichwa. Mafunzo niliyahitaji, nisijifanye mjuaji leo.

Tulikutana wiki moja kila baada ya miezi mitatu, katika hoteli moja mjini Kajiado. Mkufunzi wetu alitoka Nairobi, kijana mwenye suti iliyonyooka na maneno mengi. Alitufundisha kuagiza dawa kabla hazijaisha, kupanga zamu, kuendesha mkutano bila kugombana. Hayo yalinifaa na ninamshukuru. Kisha akatuletea habari ya watoro. Mtoro, kwa kamusi yake, ni mgonjwa aliyepitisha siku saba bila kuja kuchukua dawa. Kila hospitali ilichorewa chati ukutani, watoro kwa rangi nyekundu, mbele ya macho ya watu wote. "Mgonjwa aliyepotea," alipenda kusema, "ni meneja aliyelala." Tulicheka, na wale wenye wekundu mwingi walitazama viatu vyao. Hospitali ambayo ingekuja bila mtoro hata mmoja, mkuu wake angesimama mbele na kufundisha wenzake. Niliitaka nafasi hiyo kwa uchu ambao naona haya kuuandika.

Safari moja ikafika ambapo nilibakisha mtoro mmoja tu.

Alikuwa mke wa pili katika boma moja la ndani, upande wa Isinya, mama wa watoto wawili. Tulimpima akiwa na mimba ya huyo wa pili. Mume hakutaka kusikia neno kupimwa, na mama mkwe ndiye aliyekuwa serikali ya boma lile. Kwa hivyo mwanamke huyu alikuja kwetu kila mwezi kwa kisingizio cha maziwa. Aliyauza Kitengela asubuhi, akapitia kliniki, akarudi nyumbani na dawa amezizika ndani ya mfuko wa sukari. Siku tuliyomwandikisha, fomu ilitaka ramani ya kwake. Alikataa.

"Sista, hiyo ni ya nini?"

"Ni ya faili tu, mama. Hakuna mtu atakuja kwako."

"Niapie."

Nikamwapia. Ndipo akanielekeza, nami nikachora: korongo, shule, boma la tatu.

Nilipokuwa muuguzi, kiangazi kikikaribia nilikuwa nampa dawa za miezi miwili. Nilijua ng'ombe wakikauka maziwa hana tena sababu ya kuja mjini. Hakuna aliyenifundisha hilo hotelini, nililijua kwa kuishi hapa. Baada ya mafunzo nikaacha. Fomu mpya ilikuwa na nafasi ya mwezi mmoja, na chupa za ziada zilivuruga ripoti yangu. Alipoomba za miezi miwili kama zamani nilimwambia, "Siku hizi tuko na utaratibu." Alifunga shuka lake akatoka.

Kiangazi kikaja. Siku saba zikapita, zikawa kumi, na semina ilikuwa wiki iliyofuata.

Dereva wetu alikuwa mzee wa Kimaasai, mzaliwa wa pande zile zile. Nilipomwonyesha ramani alikuna kichwa.

"Sista, huko gari haiingii kimyakimya. Vumbi wataiona kabla tuvuke korongo. Na ukifika huwezi kuita mtu mmoja kando. Lazima usalimie wote, ukae chini, ukunywe chai, utoe habari na upewe habari. Tafuta mama wa huko umtume na miguu."

"Hatuna wakati, mzee."

"Wakati ya nani?"

Nilimwambia tutasema sisi ni watu wa chanjo, na nikajiona mjanja.

Gari lenyewe ni lile tulilopewa na mradi, jeupe, utepe mwekundu wa Ukimwi umechorwa kwenye milango yote miwili ya mbele, mkubwa kama sinia. Mimi ndiye niliyetia sahihi kulipokea. Kitengela nzima hata watoto walijua utepe ule una maana gani. Ningependa kusema kwamba sikulifikiria. Nililifikiria, nikalipita.

Tulipofika, watoto walikuwa wameshajipanga langoni, wakainamisha vichwa niwaguse. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda. Tulisalimiana, tukakaribishwa, tukaletewa chai ya rangi, na mwenyeji akaomba radhi kwa kukosa maziwa. Tukapewa habari: nyasi zimeisha, ng'ombe wako mbali na vijana, mume amerudi juzi tu kuchukua chumvi ya mifugo. Mgonjwa wangu aliketi mlangoni pa nyumba yake akitazama ardhi. Alijifanya hanijui, nami nikajifanya simjui.

Zamu yangu ya kutoa habari ilipofika nikasema tumekuja kwa chanjo ya watoto.

"Sanduku ya barafu iko wapi?" mama mkwe akauliza.

Watu wa chanjo walifika kwake kila mwaka na sanduku begani, wakianzia shuleni. Mimi nilikuja na faili kwapani. Nikasema sanduku liko nyuma, linakuja. Yule mama alilitazama gari, kisha akawatazama wake za wanawe, mmoja baada ya mwingine, pole pole. Mume akaondoka akaenda kusimama kando ya mlango wa gari, akagusa utepe kwa kidole.

Hata hapo ningeweza kuinuka, nikashukuru kwa chai, nikaenda zangu. Wake wa boma lile walikuwa wanne, na hakuna aliyejua nimemfuata yupi. Lakini mgonjwa wangu hakustahimili; aliinuka akaingia ndani, na mimi, meneja asiyelala, nikachukua faili langu nikamfuata. Hapo ndipo nilipomwaga mtama penye kuku wengi.

Ndani alikuwa ametoa kopo. Vidonge vilikuwa vimebaki vichache, maana alikuwa anameza kimoja mahali pa viwili ili vimfikishe.

"Nimepata mbuzi ya kuuza," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ningekuja Jumatano." Halafu akasema, "Uliniapia."

Nilimpa dawa za mwezi mmoja. Kwenye fomu nikaandika: amepatikana.

Semina ilipofika, chati yangu haikuwa na wekundu. Nilisimama mbele ya wenzangu nikaeleza jinsi meneja anavyopaswa kutoka ofisini na kwenda kumtafuta mgonjwa wake kwa miguu yake mwenyewe, nikapigiwa makofi, na mkufunzi akaandika. Niliyoyaacha hakuna aliyeyauliza. Dereva alikuwa nje akila mahindi. Tangu siku ile hakuniita sista tena, aliniita madam.

Mwezi uliofuata mwanamke yule akaja. Hakuwa na maziwa wala shanga, alivaa gauni la mitumba. Mume alimfukuza siku ile ile tuliyokwenda kwao, jua halijazama. Watoto walibaki, kwa sababu watoto ni wa boma. Yeye alikuwa amekwenda kwa dada yake Embulbul, na dada hakujua kitu. Alitaka kuhamia kliniki ya Ngong.

Nikatoa fomu ya uhamisho. Ilitaka ramani ya mahali anapoishi sasa. Sikuwa nimemaliza kusema neno hilo.

"Hapana," akasema. Akavuta kitabu cha wagonjwa akakigeuzia kwake. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita. Kando ya jina lake palikuwa na nafasi nne: anaendelea, amehama, ametoroka, amefariki.

"Mtu akihama mnafuata?"

"Tunapiga simu kuulizia."

"Akitoroka mnakuja na gari. Na huyu wa mwisho?"

"Huyo hatumfuati."

"Basi niandike hapo."

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba vizuri, kwa machozi, na leo naona hata hayo machozi yalikuwa ya kujihurumia. Nikamwambia mtu aliye hai haandikwi amekufa akiwa amekaa kwenye kiti mbele yako.

"Watoto wangu wameshaambiwa nilikufa," akasema. "Wewe andika tu, sista."

Nikaandika. Nikaweka na tarehe. Alikiangalia kitabu mpaka wino ukakauka, kisha akapokea chupa za miezi mitatu nilizomtolea stoo bila fomu, akaenda.

Sijui kama yu hai. Miaka kadhaa baadaye shughuli zilinipeleka Embulbul, nikajikuta natembea kati ya wauza mboga nikimtazama kila mwanamke usoni, wa makamo yake, mrefu kama yeye. Nilikuwa nimemaliza mstari wote wa vibanda nilipotambua ninachofanya. Nilikuwa namfuata tena.