Siku Ng'ombe Walipoulamba Uwanja Wangu

Nianze mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Busunzu, maana wale huongeza. Ni kweli ng'ombe alinibana kwenye mlingoti wa goli mbele ya mgeni rasmi, akanilamba mfuko wa bukta mpaka ukachanika na bukta yenyewe ikafuata, na muda wote huo nilikuwa na filimbi mdomoni. Hayo ni kweli. Hayo mengine wanayosema, kwamba nililia, si kweli. Macho yangu yalikuwa yameingia chumvi.

Sasa, ili muelewe jinsi mtu wa hadhi yangu alivyofikia pale, lazima kwanza muijue hadhi yenyewe. Mimi ni mtoto wa mchungaji wa ng'ombe wa huku Kasulu. Niliondoka nyumbani kama walivyoondoka Waha wengi, kwenda Tanga kukata mkonge, ila wenzangu walirudi na baiskeli na mimi nikarudi na diploma. Nilikata mkonge mchana, jioni nikasoma, nikafanya mitihani, nikaingia chuo, nikahitimu mambo ya michezo na utamaduni, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenisaidia (wajomba zangu wapo, waulizeni). Nikarudi miaka ile watu wamehamia vijijini, nyumba bado zinanuka udongo mbichi, kila mtu anajifunza majirani wapya, na vijana jioni wanacheza mpira wa matambara barabarani, wakisikia lori wanakimbilia kwenye mihogo ya watu.

Nikasema hapana. Kijiji cha maendeleo lazima kiwe na uwanja wa michezo, na pembeni ya uwanja ukumbi wa ngoma na mikutano, wenye bati. Nikalisema hilo kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili cha chuoni, mpaka Mwenyekiti wetu, bwana mmoja mnene mwenye kofia ya pama asiyoivua hata akila, akapiga meza akasema hilo ndilo tulilokuwa tukilisubiri. Siku zile hawakuniita jina langu tena, waliniita Bwana Diploma, na kusema kweli sikuwakataza.

Tatizo lilikuwa mahali. Mnaijua milima yetu, ukiweka mpira chini unaufuata bondeni. Ardhi tambarare ilikuwa moja tu, kando ya kijito, upande huu wa kijiji chetu, Kitanga, na hapo ndipo Mzee Ntahondi na wachungaji wenzake walipokuwa wakiwanywesha ng'ombe na kuwapa chumvi tangu enzi za baba zao. Tukaichukua. Nasema tukaichukua, lakini ni mimi niliyesimama na kamba na vigingi vyangu nikapima, na Mzee Ntahondi alipokuja kuniuliza ng'ombe watalamba chumvi wapi, nikamjibu kwamba hiyo ni habari ya zamani, tuangalie mbele. Aliiegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Utanifundishia ng'ombe wangu wacheze namba ngapi." Akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuna mchungaji aliyeshika jembe kwenye uwanja wetu. Wengine wote walikuja, wanawake wakang'oa visiki, vijana wakasawazisha, kazi za kujitolea kila baada ya shamba, lakini kijiji kilikuwa kimegawanyika na kila mtu alijua.

Maneno yakafika wilayani. Mwenyekiti akaniita kando akaniambia, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, kwamba siku ya ufunguzi mgeni rasmi atakuja kuona mwenyewe: akiridhika kwamba uwanja unafaa na watu wanautaka, utatengwa kwa michezo moja kwa moja na bati za ukumbi zitaletwa, akiona ni ugomvi mtupu, nusu itakuwa shamba la mahindi la kijiji na nusu watarudishiwa wachungaji. Kwa hiyo siku ile ilikuwa ya uwanja kuishi au kufa, na jina langu lilikuwa limelala humo humo katikati.

Nikapanga kila kitu. Mechi tungecheza na kijiji cha Busunzu, wangekuja na lori kutoka Kibondo. Milingoti ilisimama, kibanda cha mgeni kiliezekwa majani ya migomba, kilichobaki ni mistari. Huwezi kumwonyesha mtu wa wilayani uwanja usio na mistari, huo ni malisho tu. Nikaenda Kasulu mjini kwa Mzee Saidi mwenye duka, ambaye watu wake ni wa pwani na kwake hakukosi kitu, lakini siku hiyo chokaa ilikosekana, gari lililokuwa likiileta lilikuwa limeharibika njiani. Nikafikiria unga wa muhogo. Mwenyekiti akaniuliza kama ninataka kupigwa mawe, mwaka wa njaa kama ule nimwage unga chini watu wakitazama. Nikarudi kwa Mzee Saidi, naye akanionyesha nyuma ya duka magunia ya chumvi ya Uvinza yaliyolowa mvua na kuingia mchanga, haifai kuuzwa, chukua ukitaka. Nikaishika. Ya kijivu kidogo, lakini ilipokauka juani iling'aa. Nikajisifu njia nzima kurudi. Nikamwambia Mwenyekiti kwamba mtu aliyesoma hakosi njia, naye akakubali, na kamati nzima ikakubali, wote watu wazima.

Asubuhi ya siku yenyewe nikachora. Niliivuta kamba, nikamimina chumvi polepole kwa mkono, mstari wa katikati, duara, boksi, kona, na uwanja ulipokuwa umekamilika nikapanda juu kidogo mlimani kuutazama, na ulikuwa mzuri, bado nasema ulikuwa mzuri. Chumvi iliyobaki niliitia mifuko yote miwili ya bukta yangu nyeupe (bukta ya Tanga hiyo, huku hakuna aliyewahi kuiona ya namna ile) ili nirekebishe mistari wakati wa mapumziko.

Watu walijaa. Ngoma zikapigwa, vijana wakaruka, mgeni rasmi akashuka kwenye Landrova, mwembamba, suti ya Kaunda, mtu wa maneno machache. Mimi nikahutubia, na hotuba yangu haikuwa fupi. Mzee Ntahondi na wenzake hawakuja. Walikaa ng'ambo ya kijito na ng'ombe wao, mahali ambapo wataona kila kitu na kila mtu atawaona kwamba hawakuja. Nikamwona mgeni akiwatazama, akamwinamia Mwenyekiti na kuuliza kitu, na Mwenyekiti akajibu huku akitazama viatu vyake.

Nikaanzisha mechi. Refa nilikuwa mimi, nani mwingine? Mambo yakaenda vizuri mpaka kijana wetu mmoja alipomkwatua mtu wa Busunzu karibu na kona ya chini, nami nikapuliza filimbi namna yangu, mluzi mmoja mrefu na mifupi ya haraka nyuma yake. Nilikuwa naamini nimefundishwa chuoni kupuliza vile. Ng'ambo ya kijito ng'ombe mmoja akainua kichwa. Alikuwa jike la rangi ya udongo mwekundu, pembe ndefu, wanamwita Bihogo, na wengine wote humfuata yeye. Akavuka maji, akapanda, akafika kwenye kona, akainamisha kichwa, akaanza kuulamba uwanja.

Watu wakacheka kidogo, na mimi pia nikacheka kidogo, kiungwana, nikamwendea na kumpulizia filimbi ili aondoke. Mluzi mrefu, mifupi ya haraka. Wakaja wengine. Nikapuliza zaidi. Wakaja wote, mbio, maji ya kijito yanaruka, na ndama nyuma yao, wakaingia uwanjani kama timu ya tatu, kila mmoja akachagua mstari wake. Duara la katikati likaondoka mbele ya macho yangu. Kipa wa Busunzu akaning'inia kwenye mtambaa wa panya. Mshambuliaji wetu, ambaye hakuwa ameambiwa asimame, akapenya katikati ya ng'ombe wawili akafunga bao, akarudi anashangilia peke yake. Na mimi ninapuliza, jamani, ninapuliza mpaka masikio yanavuma, maana ndivyo nilivyofundishwa, refa asiposikika apulize zaidi.

Hapo ndipo Bihogo aliponusa mfuko wangu.

Nilirudi nyuma, akaja. Nikarudi tena, mgongo ukagota mlingoti, pembe moja kushoto, pembe moja kulia, na ule ulimi, ambao ni kama msasa wa fundi seremala, ukaingia mfukoni. Nikarusha mkono kujikinga, chumvi ikanirukia machoni. Nilisikia bukta ikichanika, na hapo hapo, macho yanawaka, ndipo liliponiingia kichwani jambo ambalo lilikuwa ndani yangu siku zote. Ule mluzi sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na baba yangu, hapo hapo kando ya kijito, nikiwa mdogo, jioni tulipokuwa tukiwaita ng'ombe kuja kulamba chumvi. Mimi, mtoto wa mchungaji, nilikuwa nimewaandalia chumvi mahali pao pa siku zote, kisha nikasimama mbele ya wilaya nzima kuwaita waje kula.

"Diploma," sauti ya Mzee Ntahondi ikatoka ng'ambo, bila haraka. "Itoe kwanza hiyo filimbi mdomoni."

Nikaitoa. Wakaja wachungaji, katambuga zao za matairi zinapiga maji, wakaingia kwenye uwanja waliokuwa wameapa hawataukanyaga. Mzee Ntahondi akamshika Bihogo shingoni, akamsemesha maneno yao, ng'ombe akaniachia. Kisha mzee akanitazama, mimi na bukta yangu iliyokuwa imebaki mkanda na heshima kidogo, akavua shuka lake la begani akanirushia.

"Mwanangu," akasema, na kila mtu alisikia, "tumekukasirikia bure muda wote huu. Hukutuambia kwamba unawajengea ng'ombe."

Walicheka mpaka wapiga ngoma wakaweka fimbo chini. Nikafunga shuka kiunoni na kusubiri mgeni rasmi aseme neno la kuua uwanja. Alikuwa ameshafika katikati, kwa miguu yake, anakwepa mavi mabichi ya ng'ombe na viatu vyake vya kung'aa. Akauliza nani alichora mistari. Mwenyekiti alikuwa ametoweka chini ya kofia. Nikasema, "Mimi, ndugu mgeni rasmi. Chokaa ilikosekana Kasulu." Akatikisa kichwa kana kwamba hilo linaeleweka kabisa, kisha akamgeukia Mzee Ntahondi.

"Mzee wangu, niliambiwa wewe huutaki uwanja huu."

"Nilikuwa siutaki," alijibu mzee. "Walichukua mahali petu pa chumvi bila kutuuliza. Leo wameturudishia, ingawa hawakukusudia." Akangoja kicheko kiishe. "Tuachieni ile kona ya chini kijitoni, tuweke ua wa minyaa katikati, ng'ombe wakae kwao na mpira ukae kwao. Hatuna ugomvi na mtoto anayecheza."

Mgeni akaniuliza kama kona hiyo inahitajika. Nilipima uwanja ule kwa mikono yangu, nilijua tangu mwanzo kwamba haihitajiki, nilikuwa nimeichukua kwa sababu ilinogesha ramani. Nikasema haihitajiki. Basi, akasema, imekwisha, na kwa kuwa mistari imeliwa, wachungaji wasimame badala ya mistari, yeye amekuja kutazama mpira.

Na ndivyo mechi ilivyomalizika, ndugu zangu. Wachungaji walisimama kuzunguka uwanja na fimbo zao, mpira ukimgusa mchungaji ni wa kurusha. Filimbi ilikuwa imepigwa marufuku, kwa hiyo nilichezesha kwa makofi, nikiwa na shuka la mzee kiunoni, na kwa kuwa kwetu makofi ni salamu, bibi mmoja pembeni alikuwa akiniitikia kwa adabu kila nilipotangaza faulo, anainama na kupiga yake. Tulifungwa na Busunzu. Sijaona kijiji kilichofungwa kikirudi nyumbani kimefurahi vile. Mgeni alipopanda Landrova alimwambia Mwenyekiti kwamba bati atazileta, na kofia ile, kwa mara ya kwanza, nikaiona ikivuliwa. Usiku ule nililala kama mtu aliyeponyoka kwenye maji.

Bati zilikuja. Ukumbi upo, uwanja upo, minyaa imeshika vizuri, ng'ombe wako kwao. Jina la Diploma bado ninalo, ila sasa linaitwa huku watu wakitabasamu, nami nimezoea. Nimeapa mambo mawili: sitapima ardhi ya mtu kabla sijakaa naye, na chumvi kwangu itaishia kwenye sufuria. Filimbi ya chuoni nimeitundika ukutani, karibu na cheti. Siku nyingine moyo hunituma niipulize kidogo. Huwa nafunga mlango kwanza, na bado nachungulia dirishani.